Kila Jumapili Natoka na Deni Jipya

Swali: "Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mhubiri msaidizi katika kanisa la watu kama 80 hapa Nyalenda, Kisumu. Sijasomea theolojia, siku za kazi mimi ni seremala. Nahubiri Jumapili mbili kwa mwezi kwa Kiswahili, na ndugu mmoja ananitafsiria kwa Dholuo. Watu husema nahubiri vizuri. Lakini mwezi uliopita mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniambia kwa upole, 'Mhubiri, unajua kuhubiri, lakini mimi kila Jumapili natoka hapa na deni jipya.' Usiku huo sikulala. Nilipomweleza mchungaji, akasema watu wana shida, wanataka neno la upenyo, la kufunguliwa milango, na Injili wameshaijua, hiyo ni ya krusedi. Je, Injili ni ya wasiookoka tu? Nikiihubiri kila wiki, si nitakuwa narudia wimbo mmoja? Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nimepewa 2 Wafalme 4, mama mjane na mafuta, na siku hiyo hiyo kuna mchango wa mabati. Nifanyeje?"

Jibu: Ndugu yangu, huyo mama wa omena amekupa bure somo ambalo mimi nililipia karo miaka mitatu na bado nikatoka bila kulielewa. Usimkimbie, na wala usikimbilie kujitetea kwamba ulihubiri Biblia tupu. Huenda ulihubiri Biblia kweli. Mtu anaweza kufungua mistari 12 kwa Jumapili moja na Yesu asionekane mahali popote isipokuwa kwenye "katika jina la Yesu, amina".

Nikikuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Unataka kujua kama waliookoka bado wanaihitaji Injili. Na unaogopa kwamba ukiiweka katikati, hutakuwa na la kusema kuhusu kodi ya nyumba, ndoa, ugonjwa na hayo mabati. La kwanza nitalijibu haraka, maana Paulo alishalijibu. Katika Warumi 1:7 anawaandikia watu "wapendwao na Mungu, walioitwa kuwa watakatifu". Hao wameokoka. Mistari minane baadaye anawaambia yuko tayari kuihubiri Injili "hata na kwenu ninyi mnaokaa Rumi". Anataka kuwahubiria Injili watakatifu, kisha anawapa sura kumi na moja za hiyo Injili kabla hajafika kwenye "Basi, ndugu zangu, nawasihi" ya sura ya 12. Wazee wa uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda na kuingia Kenya miaka ya 1930, ambao Nyanza waliitwa Joremo, yaani watu wa damu, walilijua hili. Waliowahubiria damu ya Yesu wengi wao walikuwa watu waliokwisha kubatizwa, wengine wakiwa na vyeo kanisani. (Ni kweli pia kwamba baadaye walitokea miongoni mwao waliougeuza ushuhuda kuwa kipimo cha mavazi na mikopo. Injili haihitaji adui wa nje ili ipotee.)

Sasa tuje kwenye deni, maana hapo ndipo penye kazi.

Chukua mkulima wa miwa kule Mumias. Afisa wa kilimo akija shambani akamwambia apalilie mapema, aweke mbolea, asichome majani, huo ni ushauri, na ni ushauri mzuri. Akiondoka, mkulima anabaki na jembe na kazi. Siku nyingine anakuja mtu na karatasi: "Lile deni lako la ushirika limelipwa, hii hapa risiti." Hiyo sasa ni habari. Hakuna alichoagizwa kufanya, ila kesho yake atalima kwa moyo mwingine kabisa. Jina lenyewe la Injili maana yake ni habari njema. Inatangaza jambo ambalo Mungu amelitenda katika Kristo, na ushauri unakuja baadaye, umeegemea hapo. Mahubiri yanapokuwa ushauri mtupu, hata ushauri wa Biblia, msikilizaji mwaminifu hutoka na orodha. Jumapili ijayo orodha inaongezwa. Yule mama alifanya hesabu tu.

Nikupe zana ambayo mimi huitumia darasani, na Kiswahili ndicho kilichotupa. Kitenzi cha Kiswahili mara nyingi hubeba ndani yake alama ya mtendaji na ya wakati. Chukua rekodi ya mahubiri yako ya mwisho kwenye simu, kaa na karatasi, gawanya safu tatu. Safu ya kwanza andika vitenzi vya kuagiza: mwombe, mtoe, msamehe, ufunge, tuamke, acheni. Ya pili andika vitenzi vya "ata": atakuinua, atafungua mlango, atakulipia. Ya tatu andika "ali" na "ame" ambapo mtendaji ni Mungu: alikufa, alifufuka, ametupatanisha. Kisha hesabu.

Mhubiri wa maadili hujaza safu ya kwanza. Mhubiri wa upenyo hujaza ya pili, na ndiyo maana watu hutoka kwake wakishangilia kisha wakakauka kufikia Jumatano. Angalia sasa Paulo anavyoieleza Injili anapoifupisha katika 1 Wakorintho 15: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, alizikwa, alifufuka siku ya tatu. Vyote safu ya tatu. Waefeso sura tatu za kwanza, ukitafuta agizo kwa wasomaji utapata moja tu, "kumbukeni", sura ya 2:11, na hata hilo anawaagiza wakumbuke walivyokuwa kabla Mungu hajatenda. Maagizo yanamwagika kuanzia 4:1, baada ya "Kwa hiyo".

Usinielewe vibaya. Sikwambii ufute safu ya kwanza wala ya pili. Biblia imejaa amri na imejaa ahadi. Ila ahadi inasimama juu ya nini? Soma Warumi 8:32 polepole: Mungu "alimtoa" Mwana wake kwa ajili yetu sote, "atakosaje" kutukirimia na mambo yote pamoja naye? Huyo "ata" amesimama juu ya "ali". Ukimwambia kijana wa bodaboda pale Kondele kwamba Mungu atamfungulia mlango, na humwambii alichokwisha kufanya Mungu, umempa ahadi yenye sahihi yako wewe. Mlango usipofunguka, atadhani imani yake ndiyo iliyopungua. Deni jingine hilo.

Kuhusu mchungaji wako, nina neno la kumtetea. Amesema watu wana shida, na hajakosea. Anayeamka saa tisa usiku kungoja mashua za omena, kisha mvua ikanyesha kabla mzigo haujakauka, hahitaji hotuba. Kosa lipo katika kudhani kwamba Injili haigusi shida hizo mpaka tuiongezee kitu. Na hili kosa nalijua kwa sababu nimelifanya. Miaka ya nyuma, kanisa moja jirani ya Luanda kule Vihiga lilinialika siku ya mchango wa ujenzi. Nilihubiri Nehemia. Niligawa ukuta kwa familia, nikawataja akina Sanbalati wa kanisa, yaani wapinga ujenzi, watu wakacheka, bahasha zikajaa. Nikitoka, bibi mmoja mzee alinishika mkono, akauliza bila hila yoyote: "Mwalimu, leo Yesu alikuwa safari?" Sikuwa na jibu. Nilikula kuku wao kimya.

Watu wengi hudhani kinachoisukuma Injili pembeni ni uzushi au siasa. Mtakumbuka Septemba 2021 pale Butere, siku Rose Okeno alipofanywa askofu, Askofu Mkuu wa Waanglikana Jackson Ole Sapit alivyokataa wanasiasa wapewe nafasi ya kuhutubia. Wengi tulimpigia makofi, nami nikiwemo. Lakini kumwondoa mwanasiasa mimbarini ni rahisi, anaonekana, ana msafara. Nehemia wangu haonekani. Injili haikukanwa siku ile. Tuliiona ni jambo linalojulikana, tukaiacha mlangoni kama viatu. Kizazi cha kwanza kinaihubiri, cha pili kinaichukulia kuwa inajulikana, na watoto wa shule ya Jumapili wanakua wakidhani Ukristo ni kutoiba na kutoa sadaka.

Tuingie sasa 2 Wafalme 4, maana hiyo ndiyo iliyo mbele yako. Umeshasikia inavyohubiriwa: "Una nini nyumbani? Leta chupa yako! Vyombo vingi, baraka nyingi!" Na siku ya mabati, jaribu hilo litakukaa shingoni. Lakini soma mstari wa kwanza. Mume wa huyu mama alikuwa miongoni mwa wana wa manabii, mcha BWANA, na alikufa na deni. Alimcha Mungu na akafa nalo. Ukikomea hapo dakika tano tu, nusu ya kanisa lako watainua vichwa, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba mcha Mungu hadaiwi. Kisha mdai amekuja kuchukua wana wawili wawe watumwa. Mama hana kitu cha kulipa, hana mume, na saa yenyewe imeisha.

Nani anatenda katika hadithi hii? Mama anaazima vyombo, ndiyo, anafunga mlango, anamimina. Lakini mafuta hayatoki kwenye vyombo vya majirani. Ni Mungu anayelipa deni ambalo si lake ili watoto wasiuzwe. Na mstari wa 7 unasema wazi mafuta yalikwenda wapi: akayauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Elisha, nabii aliyemwagiza, hakuondoka hata na kikombe. Nakuomba uliseme hilo kwa sauti siku ya mchango.

Kutoka hapo hadi kwa Kristo huhitaji kuruka mtaro. Tafadhali usiseme mafuta ni damu, vyombo ni mioyo, mlango uliofungwa ni kaburi. Ukifanya hivyo unawafundisha watu kwamba Biblia ni kitendawili na wewe peke yako ndiye mwenye jibu. Fuata Mungu yule yule anavyoendelea kutenda. Anayesikia mjane wa 2 Wafalme ndiye anayesimamisha jeneza la mwana wa mjane kule Naini katika Luka 7, na watu wakasema Mungu amewaangalia watu wake. Kisha fungua Wakolosai 2:14, ile "hati iliyoandikwa ya kutushitaki" ambayo Mungu ameifuta na kuigongomea msalabani. Neno la Kigiriki lililotumika pale lilikuwa la karatasi ya deni, ile ambayo mdaiwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mjane aliokolewa wana wake wasiuzwe. Sisi tuliokolewa kwa Mwana kutolewa. Hapo yule mama wa omena atasikia habari.

Uwe mkweli, lakini. Usiwaache wakidhani msalaba umefuta Fuliza, ule mkopo wa simu. Deni la mbele za Mungu limefutwa kabisa. Deni la dukani litalipwa kidogo kidogo, na kanisa linaloamini Injili litamsaidia mdaiwa badala ya kumwongezea ahadi ya kutoa. Ukisema hivyo, kila mmoja ataelewa.

Na mabati? Changisheni, mvua haingoji. Ila tenganisha mchango na andiko lile, na ukilazimika kusema neno kuhusu kutoa, mwige Paulo. Alikuwa na mchango mkubwa wa maskini wa Yerusalemu, na alipotaka Wakorintho watoe hakutishia laana wala hakuahidi mara mia. Aliwakumbusha neema ya Bwana Yesu, "jinsi alivyokuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri". Iko 2 Wakorintho 8:9. Waume nao anawafikisha msalabani katika Waefeso 5:25. Ndoa, fedha, kesi za mahakamani, chakula, karama, yote hayo yamo katika barua zake, na huyo ndiye aliyesema hakutaka kujua lolote kwao ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa. Kwa hiyo lile swali lako la wimbo mmoja nadhani umeanza kuliona jibu lake. Andiko la wiki ndilo linalobadilisha mlango wa kuingilia. Mjane anaingilia mlango wa deni, Yona wa hasira, Hana wa aibu. Anayerudia ni mhubiri asiyesoma andiko, anayefika msalabani kila wiki kwa sentensi zile zile tatu alizozikariri.

Njia ya kujilinda na hilo? Zipo kadhaa na hakuna isiyo na kasoro. Waanglikana na Wakatoliki wana masomo yaliyopangwa kwa mwaka, yanamnyima mhubiri nafasi ya kukimbilia vipenzi vyake, ingawa nimesikia mahubiri makavu kama muhogo juu ya masomo hayo hayo. Mahubiri ya mada yana faida pale kanisa lina jeraha fulani, ila ni rahisi mno kuja na wazo lako na kulitafutia mistari. Mimi kwa mtu kama wewe, asiye na muda wala maktaba, ningechagua kupitia kitabu kimoja kifupi, tuseme Marko au Waefeso, kipande kwa kipande, kwa Jumapili zako mbili. Mwaliko mwingine ukija, pokea. Kisha rudi ulipoishia.

Kuna mahali pamoja ambapo hukuniuliza, lakini kwa kuwa uko Kisumu utaitwa tu: matanga. Jumamosi, hema, watu mia tano, nusu yao hawaingii kanisani, na wewe umepewa dakika kumi kati ya risala za familia na wanasiasa. Hapo wahubiri wetu wengi huhubiri jeneza. "Ni nani anayefuata?" Hofu inapanda, mikono inainuka. Sijasema hukumu isitajwe. Nasema watu pale tayari wanakiona kifo, kiko mbele yao kimefunikwa kitambaa cheupe. Wasichokiona ni kaburi lililo tupu. Kama una dakika kumi, tumia saba kwa aliyefufuka. Na usimhukumu marehemu wala usimtangaze mtakatifu, hiyo si kazi uliyopewa.

Kaa na mtafsiri wako kabla ya ibada. Dakika 40 zikitafsiriwa zinabaki 20, hivyo kata pointi moja. Muhimu zaidi, mwonyeshe zile "ali" na "ame" zako. Mtafsiri mwenye moto ana mazoea ya kuzigeuza kuwa maagizo. Wewe umesema "Kristo amekwisha kukukubali", yeye anapaza sauti "mpokeeni Kristo!" Sio ubaya, ni mazoea ya krusedi. Lakini nusu ya kanisa imepokea agizo mahali ulipotoa habari.

Utaambiwa pia kwamba ukihubiri neema hivi, watu watalegea. Paulo aliambiwa hivyo hivyo, soma Warumi 6:1, na Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Sina la kuongeza hapo.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa barua. Akitokea mshirika ameacha dawa za ukimwi, kifua kikuu au sukari kwa sababu ya mahubiri ya uponyaji, yako au ya mwingine, usiandae mahubiri ya kurekebisha. Mfuate siku hiyo hiyo, umsindikize kliniki, na umwombee njiani. Ukiona umeshinikizwa kusema kiasi cha sadaka kwamba ni Bwana amekuonyesha, ongea na mchungaji ana kwa ana, wawili tu, kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote. Mwonyeshe zile safu tatu kwa mahubiri yako wewe, si yake. Ikishindikana, kuna wazee wa kanisa. Na kama kukosa usingizi kumeendelea, kama wewe mwenyewe huwezi kupokea habari unayoitangaza, mtafute mchungaji mzee unayemwamini, mkae. Wahubiri wengi hufa njaa wakipakua. Kwa masomo, pale Maseno kuna chuo cha theolojia cha St. Philip's na pale Kaimosi kuna Friends Theological College. Nenda ukaulize kama wana mafunzo yanayomfaa mtu mwenye kazi yake mchana. Hata kabla ya hapo, tafuta wahubiri wenzako wawili msikilizane rekodi mara moja kwa mwezi. Inauma mwanzoni.

Kabla ya Jumapili hiyo, pita sokoni kwa yule mama, saa ambayo wateja wamepungua. Mwambie utahubiri mjane na deni. Msomee mstari wa kwanza mpaka wa saba, halafu nyamaza, umuulize yeye amesikia nini. Akikuuliza "sasa mimi nifanye nini?", usimjibu haraka. Mfungulie kwanza Wakolosai.